Kihansi: Maporomoko, Manyunyu na Kisa cha Chura

Wazee wetu mlioko mbele, waongoza wageni, wanafunzi wa uhifadhi, habari za asubuhi.

Maporomoko ya maji katika nchi hii hayakosi visa. Ukifika Kinukamori, kule Marangu, utasimuliwa habari za Makinuka, binti wa Kichaga aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Kwa mila za wakati huo adhabu yake ilikuwa kifo, basi akaona bora aende mwenyewe ukingoni ajitupe. Alipoyatazama maji roho ikamgeuka, akaamua kurudi nyumbani. Kugeuka tu, uso kwa uso na chui. Kwa hofu akasahau kilichokuwa nyuma yake, akakimbilia huko huko korongoni. Mgeni akishasimuliwa hivyo hasahau, hata kama urefu wa maporomoko alishausahau kabla ya kufika Moshi.

Kihansi nayo ina kisa chake, na mhusika mkuu ni chura. Mtu mzima yeyote hapa nchini amekisikia kwa namna moja au nyingine: serikali ilijenga mtambo wa umeme, akaonekana chura mdogo wa njano, chura akapandishwa ndege kwenda Marekani, mabilioni yakateketea, na taa zikawa zinazimika kwa sababu ya chura. Kimefika bungeni, kimefika vijiweni, kimegeuka kuwa mfano wa fedha za umma kuliwa bila mpango. Ndani ya kisa hicho kuna ukweli na kuna chumvi nyingi. Kinachokosekana kabisa ni maporomoko yenyewe. Watu wanamjua chura bila kujua alikuwa anaishi ndani ya nini, na bila kujua hilo hakuna kitu kingine kwenye habari hii kinachoeleweka. Kwa hiyo leo tutaanza na maji.

Mto Kihansi unatoka juu, kwenye nyanda za Mufindi, unapita misitu na mashamba, kisha unafika kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa na kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero, upande wa Chita na Mlimba. Ndani ya kilomita chache tu unashuka zaidi ya mita 800. Si poromoko moja lililosimama wima kama mtu anavyofikiria akiwa mjini. Ni mfululizo wa maporomoko ndani ya korongo jembamba, lenye kuta za mawe na msitu mzito pande zote mbili. Chini huko maji yanaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji inaishia Bahari ya Hindi. Mvua inayolisha mto huo inatoka bahari hiyo hiyo: upepo wenye unyevu unapanda milima, unapoa, unamwaga. Milima hii ya Tao la Mashariki imepata mvua ya namna hiyo kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana kila bonde lake lina viumbe wasiopatikana kwingine. Kihansi pekee ina hata aina yake ya buni mwitu, iliyopewa jina la korongo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi manyunyu yanavyotokea, kwa sababu hapa ndipo waongoza wageni wengi wanapopapasa. Maji mengi yakianguka kutoka juu hayaanguki peke yake. Yanasukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo ikifika chini inatawanyika kwa nguvu, inakuwa upepo wa kudumu usiotokana na hali ya hewa. Maji yakigonga mwamba yanavunjika kuwa matone madogo sana, na upepo ule unayabeba hadi kwenye miteremko ya pembeni. Miteremko hiyo inalowa mchana na usiku, kiangazi na masika. Miti mikubwa haisimami vizuri hapo. Badala yake panaota kuvumwani, majani laini ya jamii ya kangaga na nyasi fupi, vimeshikana kama zulia lililoloweshwa. Kati ya mita 600 na 940 hivi kutoka usawa wa bahari, Kihansi ilikuwa na maeneo machache ya aina hii. Ukiyaunganisha yote aliyokaa chura, hayakuzidi hekta mbili au karibu na hapo. Hekta mbili ni viwanja vya mpira visivyofika vitatu.

Jambo la pili kuhusu manyunyu: hayapungui sambamba na maji. Ukipunguza maji hadi sehemu ya kumi, usitegemee kupata sehemu ya kumi ya manyunyu. Maji machache yanaacha kurushwa hewani, yanatambaa juu ya mwamba. Upepo unakufa. Utaona mto unapita, utapiga picha, lakini mteremko wa pembeni ni mkavu. Likumbukeni hili tutakapofika kwenye bwawa.

Chura mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis. Alipatikana mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira, ujenzi wa mtambo ukiwa umeshaanza. Korongo ni gumu kuingilika, na kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyelikagua kwa makini. Jike akikomaa ana urefu wa sentimita 2.9 hivi, dume hafiki hata 2. Kwa hiyo dume anaenea juu ya ncha ya kidole gumba. Rangi yake ni njano ya dhahabu yenye michirizi ya kahawia ubavuni. Ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba jike mwenye mimba ukimgeuza kwenye mwanga unawaona watoto ndani.

Naam, watoto. Chura huyu hatagi mayai majini, na hana kiluwiluwi anayeogelea. Mayai yanaanguliwa ndani ya mwili wa mama, na wanaozaliwa ni vyura kamili, wadogo wa milimita tano hivi, kati ya 5 na 16 kwa uzao mmoja. Ukiangalia mahali anapoishi utaelewa: kwenye mteremko wa manyunyu hakuna dimbwi. Maji yapo kila mahali na hayajatulia popote. Mayai yangesombwa. Ndugu zake wa jenasi hiyo wapo kwenye misitu mingine ya Tao la Mashariki nao wanazaa hivyo hivyo, lakini huyu wa Kihansi ndiye aliyejifungia kwenye manyunyu. Ngozi yake haivumilii ukavu, hawezi kuhamia bonde la pili, na mita mia moja za msitu mkavu kwake ni jangwa.

Tuje kwenye umeme. Mradi wa Kihansi ya Chini ni wa TANESCO, uliogharamiwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia, Norway, Sweden na wafadhili wengine wa Ulaya. Bwawa liko juu ya maporomoko, ukuta wake una kimo cha mita 25, na ni dogo, maana linashika maji ya kutumika kwa saa chache, si ya kuwekwa akiba kwa msimu. Maji yanaingia handaki, yanashuka ndani ya mlima hadi kwenye jumba la mitambo lililochongwa chini ya ardhi. Kuna mashine tatu, kila moja megawati 60, jumla 180. Zilianza kazi kati ya mwisho wa 1999 na mwaka 2000.

Hesabu hii muishike, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wote. Maji yanayoanguka mita 850, kila mita moja ya ujazo kwa sekunde inatoa takriban megawati 7.5, baada ya kutoa kinachopotea kwenye mabomba na mashine. Ili mashine zote tatu zifanye kazi kwa nguvu kamili unahitaji karibu mita za ujazo 24 kwa sekunde. Mto wenyewe kwa wastani wa mwaka unaleta 16 hivi, na kiangazi chini ya hapo sana. Kwa maneno mengine, hata chura asingekuwepo, Kihansi isingetoa megawati 180 mwaka mzima. Ndivyo mto ulivyo.

Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, korongo lilipoteza karibu asilimia 90 ya maji yake. Baada ya mabishano ikakubalika kwamba kiasi fulani kiachwe kipite kwenye njia yake ya asili, kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde. Zidisheni wenyewe: mita za ujazo 2 mara 7.5 ni megawati 15. Hiyo ndiyo gharama ya chura kwenye umeme, megawati 15, na bado fungu hilo la maji ni la mto wote wa korongoni, pamoja na samaki, kaa na wadudu wake. Kwa hiyo anayekwambia Tanzania ilikuwa gizani kwa ajili ya chura mwambie atoe kalamu. Mgao wa umeme ulitokana na ukame uliokausha mabwawa makubwa.

Je, mita hizo 2 za ujazo zilitosha? Kwa mto, angalau. Kwa manyunyu, hapana, kwa sababu ile niliyoieleza: maji hayo yanatambaa mwambani. Miteremko ilianza kukauka ndani ya miezi michache. Mimea ya zulia ikanyauka, magugu yakaingia, na siafu, ambao zamani walizuiliwa na maji, wakapata njia ya kupita hadi katikati ya makazi ya vyura.

Ndipo likaja wazo la kutengeneza manyunyu kwa mabomba. Watu hucheka wakisikia, lakini ulikuwa uhandisi wa kueleweka. Maji yanachukuliwa kutoka kijito kilicho juu ya mteremko, yanashuka kwa mvutano wa dunia bila pampu, yanapita kwenye chujio, kisha yanatokea kwenye nozeli ndogo zilizopangwa juu ya maeneo matatu: la juu, la chini na lile la katikati ya korongo. Mfumo ulikamilika mwanzoni mwa mwaka 2001. Mimea ikarudi kwa kiasi chake, na vyura wakaongezeka.

Udhaifu wa mfumo kama huo uko pale pale kwenye ubora wake. Nozeli ili itoe tone dogo lazima tundu lake liwe dogo, na tundu dogo linazibwa na chembe ya mchanga. Mvua kubwa ikinyesha, kijito kinaleta tope; chujio lisiposafishwa, presha inashuka; presha ikishuka, matone yanakuwa makubwa na hayafiki mbali. Anayesimama pale anaona maji yanatoka, anaandika "mfumo unafanya kazi", kumbe mita tano kutoka kwenye nozeli kuvumwani imekauka. Ukikagua vinyunyizio usitazame tundu. Weka kiganja chini, mwisho wa eneo, uone kama kinalowa. Tena kuna jambo ambalo bomba haliwezi kulifanya: halileti ule upepo. Manyunyu ya bomba yanadondoka mahali yaliporushwa, ya maporomoko yalikuwa yanazunguka korongo zima.

Katikati ya mwaka 2003 makadirio yalionyesha vyura takriban 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wachache wa kuhesabika kwa macho, na Januari 2004 wachunguzi waliona watatu tu na kusikia madume mawili wakilia. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwandika kuwa ametoweka porini.

Kilichowaua ni nini? Hapa msiwadanganye wageni kwa jibu moja. Mambo matatu yalikutana. Vinyunyizio vilikwama wakati wa kiangazi. Bwawa lilifunguliwa kwa muda kusafisha tope lililotuama chini, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi ya juu. Na ugonjwa wa kuvu wa kitridi ukagundulika kwenye vyura waliokufa. Wengi wa wataalamu wanaiona kuvu ndiyo iliyomaliza kazi, na kasi ya vifo inafanana na ilivyofanya kwa vyura wa Amerika ya Kati na Australia. Kuvu hii inashambulia ngozi, na chura anatumia ngozi kunywa maji na kudhibiti chumvi za mwili. Ngozi ikiharibika chumvi zinapotea, na moyo unasimama. Vijidudu vyake vinaogelea, kwa hiyo kwenye mteremko uliolowa muda wote vinatoka kwa chura hadi chura bila taabu.

Na ndege ya Marekani? Ilikuwepo. Mwishoni mwa mwaka 2000, kabla ya maafa hayo, vyura 499 walichukuliwa kwa makubaliano na serikali na kupelekwa Bronx Zoo, New York. Kama wasingepelekwa, leo tungekuwa tunazungumzia kiumbe aliyebaki kwenye chupa za maabara. Lakini msidhani kule walistarehe. Walikufa kwa wingi: minyoo ya mapafu, chakula kisicho na virutubisho vya kutosha, mwanga usiofaa. Mwaka 2004 walibaki kama 70. Watunzaji walijifunza hatua kwa hatua: matone ya maji kwa ratiba ya mashine, taa zenye mionzi kama ya jua, wadudu wadogo mno wanaofugwa makusudi na kunyunyiziwa unga wa vitamini kabla ya kulishwa. Toledo Zoo, jimbo la Ohio, nayo ikafanikiwa kuwazalisha. Idadi ikapanda hadi maelfu.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi nchini, wakawekwa kwenye maabara iliyojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, kwanza ndani ya vizimba ili kuona kama udongo na mimea ya pale itawaambukiza, kisha wakaachiwa huru, na baada ya hapo kwa mafungu. Kuwaachia si mwisho wa kazi. Kuvu ikishaingia korongoni haifagiliwi, na chura aliyezaliwa chini ya taa hajawahi kumwona siafu.

Sasa ninyi wenyewe. Korongo la Kihansi si sehemu ya matembezi ya kawaida. Ni eneo la mtambo na eneo la hifadhi, huingii bila kibali, na ninaona ni sawa kabisa lisifunguliwe kwa kila mtu. Mgeni anayetaka maporomoko ya kupigia picha na kuogelea chini yake mpelekeni Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kutoka makao makuu ya Mang'ula. Sanje inashuka mita 170 kwa hatua tatu, njia ipo, askari wa hifadhi wapo, na mkiwa na bahati mtawakuta mbega wekundu na kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu. Manyunyu yanavyofanya kazi anaweza kuyaona huko huko: msimamisheni pembeni ya maji, mahali mimea inapobadilika kutoka miti kuwa kuvumwani, mwambieni anyooshe mkono.

Kwa watafiti, wanafunzi na mafundi wanaopata kibali cha Kihansi, viatu ndio mlango wa ugonjwa. Utaratibu ni huu na mpangilio wake una sababu. Kwanza sugua tope lote kwa brashi ngumu, ukichokonoa mifereji ya soli kwa kijiti, mbali na mto. Jiki haipiti ndani ya tope. Anayechovya kiatu chenye udongo kwenye dawa amelowesha udongo tu. Pili suuza. Tatu chovya kwenye jiki yenye nguvu ya asilimia 1 kwa angalau dakika moja. Soma lebo kwanza: kama chupa inasema 3.5%, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo viwili vya maji kinatosha na kuzidi kidogo. Ichanganye siku hiyo hiyo, maana jiki iliyokaa juani inapoteza nguvu. Nne suuza tena kwa maji safi na umwage mbali na kijito, kwa kuwa jiki yenyewe inamuua chura. Tano anika mpaka pakauke kabisa, hata ndani. Kuvu hii inakufa ikikauka, na wengi wanaoharibu kazi wanaharibu hapa: wanafunga viatu vibichi kwenye mfuko wa plastiki na kuvifungulia korongoni kesho yake. Fimbo, miguu ya kamera na neti za kukamatia wadudu vinapitia njia hiyo hiyo.

Usimguse chura kwa mkono mtupu. Ikibidi kumshika, glavu mpya kwa kila mmoja. Na usikanyage zulia la kuvumwani hata kama limekaa kama njia nzuri. Nyayo moja inabana mimea, maji yanatuama, na mteremko unaanza kumomonyoka kuanzia hapo. Mbao za kupitia zimewekwa kwa sababu hiyo.

Mwisho ni swali mtakaloulizwa kila siku: maporomoko ya Kihansi yakoje sasa? Jibu linategemea mwezi. Kiangazi mtu ataona mwamba mweusi mkubwa wenye uzi mweupe wa maji, na mlio wa vinyunyizio pembeni. Kati ya Desemba na Mei, mvua za Mufindi zikileta maji yanayozidi uwezo wa mashine, ya ziada yanamwagika juu ya bwawa na kuingia njia yake ya zamani. Siku hizo upepo wa maporomoko unarudi.